Kizimba cha Safari

2 Februari

Shemeji yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, au walau umesimama kwa miguu yako mwenyewe. Mimi nilifika salama. Treni ilichelewa kama kawaida yake, na kwa kuwa nafanya kazi stesheni sina hata pa kwenda kulalamika. Wenzangu wamenipa pole mpaka nimechoka kuitikia.

Nakupigia simu tangu nilipofika, haipatikani. Nikasema labda umeizima upate kulala. Lakini mtu hulala namna gani wiki nzima? Ndiyo nikachukua kalamu, kitu ambacho sijakifanya tangu nilipomaliza shule.

Kuna neno sikupenda kulisema kwenye msiba, nyumba imejaa watu. Ni kuhusu wale wanyama wadogo wa dada, simbilisi wake wawili. Nilipoongea naye mara ya mwisho, akiwa hospitali, aliniambia, "Meneja na Karani uwachukue wewe. Huyu bwana ni mtu mwema, lakini anaweza kumsahau mtu mzima chumbani, sembuse kiumbe kisicho na mkia." Akacheka, akakohoa, akasema nesi amekuja. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyopata kwake, shemeji. Kazini walinikatalia ruhusa ya kuja kumuuguza. Ruhusa waliyonipa ilikuwa ya kuja kuzika.

Nina vyumba viwili, na kimoja hakina mtu wala kitu. Nitawaweka humo, karibu na dirisha. Najua lile banda alilowajengea jikoni haliwezi kupita mlangoni, kwa hiyo watengenezee kitu kidogo cha safari. Mtu wa behewa la mizigo ananifahamu, atawaangalia njiani.

Ni mimi,
Shemeji yako


11 Februari

Shemeji,

Barua yako nimeisomea getini, nimesimama, ufunguo mkononi. Asante kwa kunikumbuka. Mimi mzima, mwili haudai kitu. Nimerudi kazini. Tunapaka rangi shule moja, nyeupe juu na kijivu chini, madarasa yote sawasawa. Ni kazi isiyotaka mawazo, na kwa sasa ndiyo inayonifaa.

Simu yangu imeangukia kwenye ndoo ya rangi. Usicheke, sisi wapaka rangi yanatukuta sana hayo. Fundi amesema haitengenezeki. Tuandikiane tu hivi hivi.

Meneja na Karani ni wako, sibishi. Dada yako aliniachia maneno hayo hayo, isipokuwa ile sehemu ya kumsahau mtu chumbani. Wanakula vizuri. Ila wamenyamaza. Unakumbuka alivyokuwa akifika mlangoni tu, akisema neno moja, hata viatu hajavua, wale wawili wanapiga miluzi kama washabiki goli limeingia? Mimi nikiingia wananitazama kama tumekutana kwenye foleni.

Kizimba cha safari nimekianza. Kwanza niliwajaribu kwenye boksi la karatasi. Niliporudi jioni Meneja alikuwa amekula ukuta na kukaa nje, amenona, anajilamba, na Karani bado yuko ndani anasubiri kuruhusiwa. Kwa hiyo lazima iwe mbao. Nipe muda kidogo.

Shemeji yako,
Bwana Brashi (kama mlivyoniita nyinyi wawili mkidhani sisikii)


20 Februari

Bwana Brashi,

Kumbe ulikuwa unasikia. Basi hukusikia yale mengine, na Mungu ashukuriwe.

Mimi sijambo, mafua kidogo tu. Habari yangu ni kwamba nimetoka kwenye dirisha la tiketi. Yule mama aliyekuwa akitangaza treni amestaafu, na sasa kipaza sauti ni changu. Nakaa kwenye chumba chenye kioo, nawaambia watu treni yao iko jukwaa gani, na wao wanakwenda jukwaa jingine.

Kuhusu mbao, tafuta kreti la matunda, zile mbao zake hazina dawa. Dada alikuwa akisema hivyo. Na waya uwe pembeni tu. Chini weka ubao, maana nyayo zao ni laini, zikikaa juu ya waya zinatoka vidonda. Ncha zote za misumari zitazame nje. Sasa kazi iliyobaki ni ya jioni mbili.

Chumba nimeshakifagia.

Shemeji yako


9 Machi

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hapa kwetu ni mvua na upweke wa kawaida, hakuna kilichoongezeka.

Furahi, kizimba kimekamilika. Kreti nilipewa na muuza matunda wa pale kona, nikalikata. Msumeno na mimi hatujaelewana, kwa hiyo upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine na kizimba kinaonekana kama kinasikiliza jambo. Lakini nimekipaka rangi ya bluu, mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine, inateleza kama kikombe. Ungekiona ungesema kimetoka dukani.

Na nimewatengenezea gurudumu la kukimbilia, nikatumia ringi ya baiskeli ya mtoto niliyoiokota. Nikimaliza kulifunga ndani ya kizimba, nitawapeleka stesheni.

Shemeji yako


15 Machi

Shemeji,

Kabla ya salamu: usiwatie humo. Tafadhali. Hao wanatafuna kila kinachowagusa meno, na rangi yako ni sumu. Mikono mitatu ya sumu.

Sasa salamu. Hujambo? Mimi mzima, moyo ndio ulipanda juu nilipofika kwenye neno bluu.

Na gurudumu litupe. Hao si panya, shemeji. Mgongo wa simbilisi haupindi hivyo, gurudumu litamvunja. Na Meneja akilipanda, litavunjika gurudumu. Uliishi na mwanamke huyu miaka yote hiyo, naye kila Jumapili amekaa chini na koleo na waya, wewe ulikuwa unatazama nini?

Usinune, nakutania. Anza upya, kitu kidogo, bila rangi. Dirisha liko tayari, na nyasi nimeshazianika.

Shemeji yako


22 Aprili

Shemeji yangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Sikuwa mgonjwa wala sikununa. Nilikuwa jikoni.

Uliniuliza nilikuwa natazama nini. Nimeliwaza sana swali lako. Nilikuwa namtazama yeye, mikono yake sikuitazama. Kwa hiyo baada ya barua yako nilikaa chini mbele ya lile banda, nikaanza kulisoma. Shemeji, yule dada yako alikuwa fundi. Kila ncha ya waya ameikunja mara mbili, kisha akaipiga tupa, ukipitisha kidole hukwaruziki. Kile kibanda cha kujifichia kina milango miwili. Mwanzoni nilidhani alikosea kipimo akatoboa tena. Kumbe Meneja hupenda kukaa mlangoni na mwili wake wote, na kama mlango ni mmoja basi Karani anafungiwa ndani au nje. Alimwekea Karani mlango wa nyuma. Mimi nimekula miaka yote hiyo hatua mbili kutoka kwenye mlango huo, sikuuona.

Basi nami nimekiwekea kizimba cha safari milango miwili. Mbao tupu, nimezipiga msasa tu. Nimejifunza kukunja waya, vidole vimejaa plasta, kazini wananiuliza kama nimeanza kufuga paka. Halafu nikaona haiwezekani wasafiri mikono mitupu, nikawatengenezea mpira wa nyasi kama alivyokuwa akiusuka yeye. Ulinifumukia mara nyingi, sasa unakaa. Nikawatengenezea na handaki la bomba la karatasi, lile la ndani ya mazulia, jirani yangu anauza mazulia. Karani ameingia humo na hataki kutoka. Sasa nafikiria ngazi ndogo, ya ghorofa. Nikitoka kazini nasikia kuna kitu kinanisubiri, hata kama ni ubao.

Ngazi ikishaisha, nitakuandikia.

Shemeji yako


30 Aprili

Shemeji,

Hujambo? Mimi sijambo.

Ghorofa kwenye kizimba cha safari ya siku moja. Kuna watu wamejenga nyumba, wakahamia, wakazaa, kabla kizimba hicho hakijaisha. Ulisema muda kidogo. Tangu Februari nafagia chumba kisicho na kitu.

Hutaki kuwatoa. Sema tu. Ukisema hutaki nitaelewa, sitakuwa na kinyongo. Lakini usiniandikie tena habari za ngazi. Wewe una nguo zake, una vikombe vyake, una jikoni alimokaa, una kaburi la kwenda kuzuru siku ukitaka. Mimi nina kitambaa kimoja nilichokiazima mwaka juzi nikasahau kukirudisha. Kimeshafuliwa, hakinuki chochote.

Mimi pia nilikuwa nduguye.

Shemeji yako


14 Juni

Shemeji yangu,

Hujambo? Nimechelewa kukujibu kwa sababu uliyoyasema yote ni kweli.

Alhamisi napanda treni pamoja nao. Siwapi mtu wa mizigo. Nitawabeba mwenyewe mapajani, nawe nitakuona uso kwa uso, nikuombe radhi kama inavyopasa. Nimeomba ruhusa kazini mpaka Jumatatu. Usijisumbue kunipokea, nitakufuata hapo kazini kwako.

Shemeji yako


21 Juni

Shemeji,

Sijui hata nikusalimu vipi. Uko salama? Umefika? Ulikwenda wapi?

Jana nilimaliza zamu, nikafungua mlango wa kile chumba cha kioo nitoke, karibu nijikwae. Kizimba kimewekwa sakafuni na koti lako juu yake. Meneja na Karani wamo ndani, maji wamewekewa, nyasi wamewekewa, handaki liko, mpira uko. Nikakaa nikikungoja. Nilidhani umekwenda kunawa. Mfagiaji wa stesheni ndiye aliyekuja kuniambia, "Yule mzee aliniomba niwaangalie. Ameondoka na ile treni iliyogeuza kurudi." Nikamuuliza ulionekanaje. Akasema ulikuwa unajifuta uso kwa mkono wa shati.

Nilikuwa nimekuandalia godoro. Niliomba siku mbili kazini. Nilipika, shemeji, mimi ambaye kwa kawaida nakula nimesimama.

Kizimba ni kizuri. Nimepitisha kidole kila mahali, hakuna ncha. Lakini sielewi nilikukosea nini. Kama ni ile barua yangu, ungekuja unigombeze. Usingesafiri siku nzima uje unipe kisogo.

Nangoja jibu.

Shemeji yako


3 Julai

Shemeji yangu,

Nilifika salama, na ni mzima. Hukunikosea chochote. Ile barua ilikuwa haki yako. Nitakueleza ilivyokuwa, nawe utaamua kama bado unataka kuniita shemeji.

Simu yangu haikuangukia kwenye rangi. Iko kwenye droo ya jikoni, nimeizima. Ile siku uliponipigia ukiwa njiani unarudi kwenu, nilipokea, ukasema "Haloo," nami nikaitika kwa lile neno nililokuwa nikimwitia yeye ndani ya nyumba. Mtandao ulikuwa mbovu, hukusikia. Baada ya hapo nikaizima. Sauti yako ni ile ile, shemeji. Siku zote ilikuwa hivyo, tulikuwa tukiitania, lakini alipokuwepo yeye ilikuwa ni mzaha tu.

Uliniandikia kwamba unatangaza treni. Nilisoma, nikapita. Kichwa changu hakikunifikisha huko.

Sasa nimeshuka, kizimba nimekikumbatia, jukwaa limejaa watu. Spika ikasema, "Abiria wa treni ya saa tisa mnaombwa kusogea jukwaa namba mbili." Meneja na Karani wakapiga miluzi. Wote wawili, kwa nguvu, kama zamani. Tangu msiba hawakuwa wametoa sauti. Watu wakageuka kunitazama. Mama mmoja akaniuliza, "Una ndege humo?" Tangazo likarudiwa, nao wakapiga tena, wamesimama, pua zimebanwa kwenye waya, wanamtafuta. Mimi pia nilikuwa natazama juu kwenye ile spika. Mtu mzima, nimesimama katikati ya mizigo ya watu.

Nikakifuata chumba chako. Nilikuona kwa nyuma kupitia kioo, umeinamia karatasi zako. Niliinua mkono nigonge. Niliogopa nikigonga utageuka, na usiwe yeye. Na kwamba utaona usoni mwangu kwamba hukuwa yeye. Umesafisha chumba tangu Februari, hukustahili kupokelewa kwa uso wa namna hiyo.

Ndiyo nikawaweka chini. Wao walikuwa wamefika kwao. Mimi nikarudi.

Nyumba ni kubwa sana. Lile banda bado liko jikoni, silitazami.

Shemeji yako, ukikubali


12 Julai

Shemeji,

Nakuita hivyo hivyo, sina jina jingine la kukuita. Sijambo, asante.

Nilisoma barua yako nikakasirika, nikalia, nikala, nikakasirika tena. Kuna mahali uliniona kama spika tu. Halafu nikaona nikuambie jambo ambalo hata wenzangu kazini sijawaambia.

Hicho kipaza sauti sikupewa. Nilikiomba. Siku niliyorudi kutoka kwenye mazishi, yule mama wa zamani alikuwa hajafika, wakaniambia nisome tangazo moja kumshikia nafasi. Nikasoma. Ule ukumbi ni mkubwa, dari iko juu, sauti ikitoka inachelewa kidogo kurudi. Mimi nikishanyamaza, naye anamalizia. Alikuwa dada, anawaita watu kwenye treni. Siku iliyofuata nilikwenda kwa mkuu wa stesheni kuomba hiyo kazi, maana yule mama alikuwa karibu kustaafu, na alipokuwa akisitasita nikamwambia nitafanya na zamu za sikukuu.

Wewe ukiwa hutaki kumsikia unazima simu. Mimi nikikohoa yumo. Nikimuuliza mwuza maziwa maswali yumo. Na hawa wawili uliowaleta, nikifungua mdomo tu wanapiga miluzi, wanakimbilia waya, wananitazama, halafu wanaona ni mimi. Siku za kwanza nilikuwa naongea nao kwa kunong'ona ili nisiwadanganye. Sasa nimechoka kunong'ona nyumbani kwangu.

Kwa hiyo ulipoogopa kwamba utamvunja moyo mtu asiyejua, mtu mwenyewe anajua kuliko wewe. Ungegonga tu. Ningegeuka, tungetazamana vibaya dakika moja, kisha tungekula.

Sitaandika barua nyingine, mkono unaniuma na maneno hayaishi. Jumapili ijayo alasiri nitakupigia. Itoe kwenye droo uiwashe. Ukipokea, sawa. Usipopokea, sitakulaumu, lakini sitapiga tena.

Shemeji yako


22 Julai

Shemeji yangu,

Najua ulisema barua basi, na jana tumekuwa kwenye simu alasiri nzima, kwa hiyo huenda ukaona sina kazi ya kufanya. Ni kweli sina, leo tunangoja ukuta ukauke.

Iliita nikiwa nimekaa mbele yake. Niliiacha iite mpaka karibu ikatike. Ulisema, "Shemeji." Mimi ulimi ukawa mzito kama ubao. Ukangoja. Kisha ukasema, "Haya, usiseme. Mimi nina vyombo vya kuosha," na nikasikia simu imelazwa juu ya meza.

Nikailaza na yangu. Sikujua nifanye nini, nikaleta brashi zangu nikaanza kuzisafisha. Nilisikia bomba lako, nikasikia sahani. Ulivuta kiti. Kuna kitu ulikikata kwa kisu muda mrefu, sijui ni nini, vitunguu labda, maana ulipenga kamasi. Nadhani nawe ulisikia ndoo yangu ilipopinduka. Hukuuliza. Kila mara nilikuwa nangoja ukate simu, hukukata.

Halafu ukaanza kuimba. Shemeji, nisamehe, lakini unaimba vibaya sana. Dada yako alikuwa akiimba kitu kinakaa mahali pake. Wewe unapanda pale pa kushuka, na maneno umeyabuni. Nilisimama na brashi mkononi inachuruzika sakafuni, nikasikiliza mpaka mwisho. Hukuwa mtu mwingine yeyote.

Giza lilipoanza kuingia ukarudi kwenye simu ukauliza kama nimekula. Nikasema bado. Ukasema, "Basi nenda," ukakata.

Barua hii ni ya kukuambia kwamba nilikula.

Shemeji yako